"Wamisri": Neno Lililofungua Mlango wa Chuo Kikuu

Swala la wanaume na wanawake kusoma pamoja katika jamii za Kiislamu aghalabu hujadiliwa kama swala la sheria ya dini peke yake. Historia ya Chuo Kikuu cha Cairo yaonyesha kwamba sarufi nayo ilikuwa na sehemu yake.

Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1908 kwa michango ya watu binafsi. Tangu mwaka 1909 wanawake walitolewa mihadhara yao mbali, siku za Ijumaa ambapo wanaume hawakuwapo. Upinzani ulikuwa mkali, na kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza mihadhara hiyo ilikoma. Mwaka 1925 serikali ilikitwaa chuo na kukiwekea sheria mpya.

Taha Hussein, mwanachuoni kipofu aliyefundisha fasihi ya Kiarabu chuoni hapo, alisimulia baadaye jinsi sheria hiyo ilivyosomwa. Iliwaruhusu "Wamisri" kuingia, bila ya kuwataja wanawake wala kuwakataza. Katika Kiarabu, wingi wa kiume huweza kuwajumlisha wote, waume kwa wake. Ndivyo zifahamikavyo amri nyingi za Kurani ziwahusuzo waumini. Kwa Kiswahili, ambacho viambishi vyake havibagui jinsia, hoja hiyo isingekuwa na haja. Kwa Kiarabu ilikuwa ufunguo. Yeye na mkuu wa chuo, Ahmad Lutfi al-Sayyid, waliitumia kimya kimya, na mwaka 1929 wasichana waliketi darasani pamoja na wavulana.

Miongoni mwao alikuwamo Suhayr al-Qalamawi, aliyepata shahada ya udaktari mwaka 1941 kwa tasnifu juu ya Alfu Lela Ulela, hadithi zisomwazo kwa Kiswahili pia.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa kwa ukimya haukukosa wa kuugombania. Mwaka 1937 baadhi ya wanafunzi walidai wanawake watengwe, na Taha Hussein akasimama hadharani kuwapinga. Katika mji huo huo, Sheria Nambari 103 ya mwaka 1961 ilipokigeuza Al-Azhar kuwa chuo kikuu cha kisasa, wanawake walipewa kitivo chao mbali na wanaume.

Kwa hiyo Cairo, mji mmoja wa Waislamu, ulitoa majibu mawili. Sarufi iliwafikisha wanawake mlangoni. Kubaki kwao darasani kulihitaji watu wa kuwatetea kwa sauti.