KAPTENI LUNA NA ITAI MGITI

Somo letu limo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 15, mstari wa 18 hadi wa 22. Daudi anaukimbia mji wa Yerusalemu, maana Absalomu mwanawe amemgeuka. Pamoja naye wamo wanaume mia sita waliotoka Gathi. Mfalme anapomwona mkuu wao, Itai, anamshauri arudi zake, kwa kuwa ni mgeni, tena aliyefika juzijuzi tu. Itai anakataa. Anaapa kwamba hatamwacha mfalme, kuwe na uhai au kuwe na mauti.

Leo tunataka kuwasimulia habari za mtu aliyelazimika kujitetea kwa maneno ya namna hiyo mbele ya wakubwa wake, ingawa yeye hakuwa mgeni hata kidogo. Tuanzie karibu na kwetu. Wengi wamesikia habari za Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, jinsi alivyoshuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 akaja bara kuwinda, naye ameketi mbele kabisa ya injini ya gari la moshi. Mwezi wa Agosti mwaka ule aliweka jiwe la msingi la shule ya wamisionari pale Kijabe. Basi miaka kumi na mmoja kabla ya hapo, mwaka 1898, alikuwa luteni kanali wa kikosi cha askari wa farasi wa kujitolea katika vita vya Marekani na Hispania. Chini yake alikuwako kapteni mmoja jina lake Maximiliano Luna. Roosevelt anakumbukwa dunia nzima. Luna, ni wachache wanaomjua hata kwao.

Alizaliwa katika nchi ya New Mexico, kijiji cha Los Lunas, ambacho jina lake ni la ukoo wake. Nchi ile ilikuwa ya Mexico mpaka Marekani ilipoiteka vitani, na mapatano ya 1848 yakaithibitisha kuwa yake. Wahispania walikuwa wamekwisha kukaa huko na mifugo yao tangu 1598, miaka ishirini na zaidi kabla ya Waingereza kushuka Plymouth mwaka 1620. Hawakuhamia Marekani, serikali ya Marekani ndiyo iliyowakuta mashambani mwao.

Hata hivyo, baada ya miaka hamsini New Mexico haikuwa jimbo kamili. Gavana wake aliteuliwa na Rais, lakini wenyeji hawakumpigia Rais huyo kura. Mjumbe wao katika Bunge la Washington aliruhusiwa kusema, si kupiga kura. Tranquilino Luna, mtu wa ukoo wake kapteni, alipata kuwa mjumbe wa namna hiyo. Sababu za kuwanyima haki zilikuwa kadha wa kadha, na mojawapo, tena haikusemwa kwa kunong'ona, ni kwamba watu wale walizungumza Kihispania.

Vita vilipokuja, adui alikuwa Hispania! Katika magazeti ya mashariki walitokea wenye kuuliza kama watu wa New Mexico wangekubali kupigana na watu wa lugha yao. Luna alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa polisi wa wilaya yake na mbunge wa nyumbani. Aliacha hayo akajiandikisha, akapewa kombania F.

Walipofika bandari ya Tampa, meli hazikutosha. Iliamriwa kwamba kombania nane tu kati ya kumi na mbili ndizo zitakazovuka kwenda Cuba, na farasi wa askari wabaki. Luna akaomba asiachwe. Roosevelt mwenyewe aliandika hoja zake baadaye: kwamba jamaa zake walikuwa kando ya mto Rio Grande kabla baba zake Roosevelt hawajafika mto Hudson, kwamba yeye peke yake kati ya maofisa alikuwa na damu safi ya Kihispania, na kwamba alikuwa na haki ya kuonyesha kuwa watu wake ni waaminifu sawasawa na wengine. (Habari za damu safi sisi tunawaachia wenyewe, Mungu ameumba mataifa yote kwa asili moja.) Akakubaliwa. Askari wa farasi wakashuka Cuba kwa miguu, na tarehe 1 Julai 1898 wakapanda vilima karibu na Santiago chini ya risasi. Luna akarudi salama, na mwaka 1899 akawa Spika wa baraza la wawakilishi la New Mexico.

Ungedhani ushahidi umetosha. Lakini mwaka huo huo alikwenda vitani tena, kwa cheo cha chini zaidi cha luteni, katika visiwa vya Filipino. Hapa, wapendwa, hatuwezi kuyapamba mambo. Wafilipino walikuwa wametangaza uhuru wao mwezi wa Juni 1898, kisha Hispania ikaikabidhi Marekani visiwa vyao kwa dola milioni 20. Mtu ambaye kwao walitawaliwa bila kura akatumwa kusaidia kuwatawala wengine bila kura. Mwezi wa Novemba 1899, akivuka mto Agno katika kisiwa cha Luzon, maji yakamchukua. Hakuwa amefika miaka arobaini.

Watu wake walingoja mpaka Januari 1912 ndipo New Mexico ikafanywa jimbo kamili.

Sisi je? Yuko mtu wa kabila jingine aliyehamia mtaa wetu miaka ishirini iliyopita. Anatoa fungu la kumi, anachimba msingi wa kanisa pamoja nasi, anazika wafu wetu. Siku ya kuchagua mweka hazina, mmoja anainama na kumnong'oneza jirani yake, "Huyu si wa hapa." Ni lini tutakaposema kwamba amekwisha kuonyesha vya kutosha?

Daudi alimwuliza Itai mara moja tu, kisha akamwambia apite. Ukifungua mlango wa 18, mstari wa 2, utaona jeshi limegawanywa mafungu matatu: moja chini ya Yoabu, moja chini ya Abishai, na la tatu chini ya Itai Mgiti.