Mpenzi Asiyetaja Ukoo

Katika boma la Mkamba, posa haifiki mbali kabla ya wazee kuuliza swali moja: kijana huyu ni wa ukoo gani? Aombe, Atangwa, Anzauni, Atwii, koo ni nyingi, na wa ukoo mmoja hawaoani. Swali hilo likishajibiwa ndipo hupelekwa mbuzi wa ntheo, na mbuzi hao wasipoonekana, kwa mila bado hapana ndoa, hata kama wawili hao wamezaa watoto na kujenga nyumba. Kwa hiyo mtu aliyetaka kupenda huku amejificha alikuwa na muda mfupi sana, kwa sababu siku ya mbuzi ingemfichua.

Reli ndiyo iliyourefusha muda huo. Ilipita Makindu, Ukambani, mwishoni mwa miaka ya 1890, ikiunganisha Mombasa na bara, na baadaye barabara kuu ikafuata njia ileile. Mji ukawa wa wapita njia. Masingasinga walioletwa na kazi ya reli walijenga hekalu lao hapo mwaka 1926, na hadi leo msafiri hupewa chakula bure bila kuulizwa dini wala kabila. Vijana wa Ukambani nao walipanda gari moshi au basi, wakaenda kutafuta kazi Nairobi. Huko hakuna shangazi wa kuuliza ukoo. Karani wa ngazi ya chini aliweza kujiita meneja, na mwenye mke nyumbani akajiita kapera.

Mwandishi aliyeyaelewa mambo haya kutoka ndani ni David Maillu, aliyezaliwa Kilungu, Makueni, mwaka 1939. Alikuwa msanii wa michoro katika shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya kabla ya kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, mwaka 1972. Mwaka uliofuata akatoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle, na mwaka 1974 After 4.30. Vilikuwa vitabu vidogo vya kutia mfukoni, vya kusomwa kwenye basi, na watu wasiokuwa na mazoea ya kununua riwaya walivinunua. Wahakiki wa chuo kikuu waliviita takataka kwa sababu ya ngono iliyomo. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Naamini wahakiki walitazama vitanda tu, wasiitazame hofu iliyokuwa pembeni ya kitanda. Watu wa Maillu wanaishi maisha mawili, moja la mjini na moja la kijijini, na msomaji hawezi kukiweka kitabu chini kwa sababu anajua barabara inayoyatenganisha maisha hayo ni fupi. Jirani mmoja akipanda basi, siri imefika nyumbani.

Mwaka 1980 Maillu aliingia katika mfululizo wa Pacesetters wa kampuni ya Macmillan kwa vitabu viwili. Katika For Mbatha and Rabeka, mwalimu wa kijijini anampenda msichana ambaye macho yake yanavutwa na bwana mmoja wa Nairobi. Katika The Equatorial Assignment, mapenzi na ujasusi vinakutana waziwazi: Benni Kamba, jasusi nambari 009, anapambana na mrembo Konolulu, ambaye pia ni Kanali Swipta. Wapo waliokiona kitabu hicho kama James Bond aliyepakwa rangi nyeusi. Mimi naona zaidi ya hapo. Jasusi anaweza kubadili kila kitu, lakini Maillu alimwachia jina la kabila lake, kana kwamba hakutaka mtu wake apotee kabisa katika uongo wa kazi.

Lakini kisa kizito kuliko vyote hakikubuniwa Makueni, na hakikubuniwa kabisa. John Kiriamiti, mzaliwa wa Murang'a, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971 kwa wizi wa mabavu. Akiwa gerezani Naivasha aliandika maisha yake, na mwaka 1984 yakachapishwa kwa jina My Life in Crime. Humo anajiita Jack Zollo, na Zollo ana mpenzi, Milly, anayempenda bila kujua pesa zinatoka wapi. Wakenya wengi wamekisoma kitabu hicho kwa ajili ya bunduki na magari ya wizi.

Mwaka 1989 Kiriamiti alirudi na My Life with a Criminal: Milly's Story, na safari hii akampa Milly nafasi ya kusimulia. Kwangu hicho ndicho kitabu chenye ujasiri zaidi. Mwanamume aliyedanganya ameketi akaandika jinsi uongo wake ulivyoonekana kutoka upande wa aliyedanganywa: safari zisizo na maelezo, marafiki wasiotambulishwa vizuri, pesa za ghafla. Taharuki yote imehamia sebuleni. Tayari tunajua Zollo atakamatwa, kwa hiyo tunachosubiri ni siku Milly atakapojua amempenda nani, na kama atabaki. Anayeanza leo aanze na cha wizi, kisha asome cha Milly mara tu baada yake, akirudi nyuma kila mara kulinganisha siku ileile ilivyosimuliwa na kila mmoja wao.