Daftari la Chumba cha Kupasulia

Sisi watu wa Goma twaujua moto. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji hata ukaingia Ziwa Kivu. Hospitali iitwayo leo HEAL Africa iliharibiwa, kisha ikajengwa upya. Lakini karatasi za wagonjwa zikiungua, nani atazijenga upya?

Neno hili si dogo. Mama aliyepata fistula kwa uzazi mgumu hupasuliwa, na pengine hurudi baada ya miaka kwa daktari mwingine. Daktari huyo hana budi kujua: alishonwa wapi, mara ngapi, kwa namna gani? Mama mwenyewe hakuyaona hayo, hawezi kuyaeleza. Pasipo maandiko daktari apapasa gizani, na kila upasuaji ulioshindwa huufanya ule unaofuata kuwa mgumu zaidi.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1897 daktari Albert Cook, mmisionari wa Kianglikana, alianzisha hospitali ya Mengo, Kampala. Mwaka 1902 radi iliiteketeza. Akajenga tena, wala hakuiacha desturi yake ya kuandika habari za wagonjwa wake. Akafa mwaka 1951.

Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala, alitangaza habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Je, ulikuwa ugonjwa mpya? Jibu lilikuwa limelala Mengo. Wataalamu walisoma maandiko ya hospitali hiyo ya miaka 1897 hadi 1956, wakatoa matokeo mwaka 1964: watoto wenye uvimbe huo walikuwamo tangu zamani. Cook alikuwa kaburini, lakini daftari zake zilisema.

Basi waandikaji wa hospitali zetu wasidharau kalamu. Waandike jina, umri na kijiji, ugonjwa, kazi iliyofanyika, dawa ya usingizi, hesabu ya vitambaa na vyombo kabla ya kufunga jeraha, na hali ya mgonjwa alipotoka. Waandike siku ile ile, na nakala ya pili iwekwe mbali na njia ya moto.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ndivyo kwa mali, je, uhai wa mtu?