Ramani na Alama za Watu

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari za ramani za mji wa Dar es Salaam, na alama ambazo watu huziacha juu ya nchi waikaayo.

Zamani alama zilitangulia. Huko Kunduchi, kaskazini ya mji, yako makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo za mawe na chokaa, ambayo wenyeji waliyapamba kwa sahani na bakuli za Kichina. Kwa alama zile, bila ramani wala kitabu, twatambua ya kuwa walikuwa Waislamu, tena bidhaa za ng'ambo ziliwafikia.

Walipokuja watawala wa kigeni, mambo yaligeuka, ramani ikatangulia watu. Wadachi waliufanya mji huu makao makuu yao mwaka 1891, na Waingereza wakauingia mwaka 1916. Mwaka 1924 Waingereza waliugawa sehemu tatu kwa namna ya nyumba: mashariki majumba ya Kizungu, katikati maduka, na magharibi nyumba za Kiafrika. Ramani ya mwaka 1949, iliyotengenezwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb, haikuuondoa mgawanyo huo: Oyster Bay ilipewa viwanja vikubwa, Magomeni na Temeke viwanja vidogo vya kusongamana.

Lakini watu hawakai juu ya karatasi. Waliokuja kutoka bara walizidi viwanja vilivyopimwa. Basi walinunua vipande vya mashamba, wakasimika miti na kukandika udongo, na baadaye wakajenga kwa matofali ya saruji. Njia ya miguu ikawa kichochoro, kichochoro kikawa mtaa. Ndivyo zilivyokua Manzese na Tandale. Nao mtaa usiochorwa hupata taabu: mtaro hauchimbwi, gari la zimamoto halina pa kupita, na siku ya kubomolewa mwenye nyumba hana hati ya kuonyesha.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walitembea Tandale pamoja na wenyeji, kichochoro kwa kichochoro, wakatia katika ramani mahali pa maji, vyoo, mitaro na majaa. Desemba ya mwaka ule ule mafuriko makubwa yaliupiga mji. Watu wengi walikufa, na wakazi wengi wa Bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Tangu mwaka 2015 kazi kama ile ya Tandale ilienezwa katika kata nyingi za mji kwa jina la Ramani Huria, ili ijulikane maji hupita wapi na nyumba zipi zimo hatarini.

Nanyi wanafunzi, twaeni karatasi mkachore kijiji chenu: kisima, njia, makaburi, na mwembe wa baraza. Kisha waulizeni wazee wenu mafuriko ya zamani yalifika wapi, mkapatie alama. Mpimaji mgeni huziona nyumba. Habari ya maji yaliyokwisha kupita ataipata kwenu.

Kwaherini.