Mshipa Upi? Historia Fupi ya Maumivu ya Nyuma ya Kisigino

Hebu tuanzie Songea. Ni alfajiri ya msimu wa kulima. Umeamka, umeshuka kitandani, na hatua ya kwanza tu inakuchoma nyuma ya kisigino kama umekanyaga mwiba. Unachechemea mpaka mlangoni. Ukitembea kidogo panalegea, basi unabeba jembe unaenda shamba. Au labda wewe ni mtu wa mazoezi: unakimbia kutoka uwanja wa Majimaji kuelekea Matogoro, na kila ukianza kupanda kilima, pale nyuma panakaza. Ukimweleza mtu nyumbani, jibu unalijua: "Huo ni mshipa."

Sawa. Mshipa upi?

Swali linaonekana dogo, lakini limewachukua madaktari zaidi ya miaka 2,000 kulijibu, na kwa kisigino bado hawajalimaliza. Ukikosea jibu, unaweza kutibu sehemu moja kwa miezi huku tatizo likichangiwa na sehemu nyingine kabisa.

Neno moja, vitu vitatu

Kwa Kiswahili cha kila siku, mshipa ni karibu kila kitu kirefu kinachopita mwilini. Kinachobeba damu ni mshipa. Kinachobeba hisia ni mshipa wa fahamu, au neva. Na ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa nayo tunaiita mshipa, ingawa vitabu vya biolojia vya sekondari vinaiita kano. Nilipoanza kusoma mambo ya mwili niliona hiyo ni kasoro ya lugha yetu. Kumbe hatuko peke yetu. Kwa Wagiriki wa kale neno neuron lilikuwa kano, na pia uzi wa upinde. Nervus ya Kilatini ilibeba maana zote mbili, kano na neva. Ukivifunua vitu hivi kwa macho tu, vyote ni nyuzi nyeupe. Kuvichanganya ni rahisi sana.

Waliovitenganisha walifanya kazi hapa hapa Afrika, katika mji wa Aleksandria, Misri, karne ya 3 KK. Herophilus na Erasistratus walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupasua maiti za binadamu ili kujifunza. Walifuatilia zile nyuzi nyeupe na kuona kwamba baadhi zinaishia kwenye misuli na mifupa, na nyingine zinapanda mpaka uti wa mgongo na ubongo. Hizo za pili ndizo neva.

Lakini mchanganyiko haukuisha. Galen, aliyeanza mwaka 157 kutibu wapiganaji wa maonyesho huko Pergamon, aliamini kwamba kano imetengenezwa kwa nyuzi za neva zilizochanganyika na nyuzi nyingine. Kwa hiyo aliogopa kuichoma sindano, akidhani mgonjwa atapata degedege. Maneno yake yaliheshimiwa kwa karne nyingi, na madaktari wengi wakaogopa kushona kano iliyokatika.

Jina la Achilles lilikuja baadaye. Mwaka 1693 Philip Verheyen, mtoto wa mkulima aliyekuja kuwa mwalimu wa anatomia huko Leuven, alichapisha kitabu ambamo kano ya kisigino inaitwa kamba ya Achilles, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyekuwa dhaifu kisiginoni tu. Verheyen mwenyewe alikuwa amekatwa mguu wa kushoto.

Mguu ulionyooka

Sasa tuhamie kwenye neva. Kubwa na ndefu kuliko zote mwilini ni ya siatiki. Inatoka chini ya mgongo, inapita kwenye tako, inashuka nyuma ya paja, halafu karibu na goti inagawanyika. Matawi yake yanaendelea hadi unyayoni. Tawi moja dogo, neva ya surali, linashuka nyuma ya ndama ya mguu, linakatiza ukingo wa nje wa kano ya Achilles kama sentimita 10 juu ya kisigino, kisha linapita nyuma ya nundu ya nje ya kifundo. Neva hiyo ni mmoja wa wapokeaji wakuu wa hisia kutoka kwenye kano yenyewe. Yaani kano na neva hapo ni majirani wa ukuta mmoja.

Mwaka 1880 daktari wa Belgrade, Laza Lazarević, ambaye Waserbia wanamkumbuka zaidi kama mwandishi wa hadithi fupi, alieleza wagonjwa sita wenye maumivu ya siatiki. Aliwalaza chali, akawainua mguu ukiwa umenyooka, maumivu yakaja. Akasema sababu ni kwamba neva inavutwa. Aliandika kwa Kiserbia, na nje ya kwao wachache wakasoma. Mwaka uliofuata, huko Paris, J. J. Forst aliandika tasnifu kuhusu jaribio hilo hilo na kulihusisha na mwalimu wake, Charles Lasègue. Yeye alidhani neva inabanwa na misuli ya paja. Mwaka 1884 Mfaransa mwingine, Lucien de Beurmann, alichukua maiti, akakata kipande cha neva ya siatiki, akaweka mpira mahali pake. Alipoinua mguu, mpira ukanyooka. Lazarević alikuwa sahihi. Pamoja na hayo, hadi leo hospitalini utasikia jaribio la Lasègue. Wewe unayesoma sayansi kwa Kiswahili chukua hilo kama angalizo: kuwa sahihi katika lugha isiyosomwa na wengi kuna gharama yake.

Zama hizo hizo wapasuaji walichukua wazo la kuvuta na kulipeleka mbali. Mwaka 1872 Johann Nepomuk von Nussbaum wa Munich alifungua mwili wa mgonjwa na kuvuta neva zake kwa makusudi ili kumtibu. Mtindo ukaenea Ulaya kwa miaka kadhaa, ukatumika kwa magonjwa ya kila aina, halafu ukaachwa. Neva haipendi kuvutwa kwa nguvu. Sababu ilipimwa vizuri mwaka 1973, pale Göran Lundborg na Björn Rydevik wa Sweden walipovuta neva ya mguu wa sungura taratibu huku wakiangalia mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Neva ilipoongezeka urefu kwa asilimia 8, damu ilianza kupungua. Kwa asilimia 15, ilisimama.

Shingo inaulizwa habari za kisigino

Kwenye mwili wenye afya, neva haivutwi kufikia huko kwa sababu inateleza. Ukikunja kiuno, ukinyoosha goti, ukivuta vidole vya mguu kuja kwako, neva inasogea ndani ya njia yake kama kamba ya breki ndani ya ala yake kwenye baiskeli. Ikishikwa mahali, labda mgongoni, nyuma ya goti au kwenye kovu la jeraha la zamani, mvuto unajikusanya. Neva inakosa damu, inakasirika, na inaanza kutoa taarifa ya maumivu. Na taarifa hiyo ubongo unaweza kuisoma kama imetoka mwisho wa neva, siyo pale iliposhikwa. Zaidi ya hapo, ncha za neva iliyokasirika humwaga kemikali zinazoongeza uvimbe pale pale zilipo. Kwa hiyo neva inaweza kuwa chanzo cha maumivu, au ikachochea kano ambayo tayari ina shida zake.

Alf Breig, mpasuaji wa ubongo na neva wa Sweden, alitoa kitabu mwaka 1978 kuonyesha kwamba uti wa mgongo na neva zake ni mfumo mmoja: ukiinamisha kichwa, mvuto unasafiri kushuka. Mwaka uliofuata Geoffrey Maitland, mtaalamu wa fiziotherapia wa Adelaide, Australia, alieleza jaribio linalotumia hoja hiyo. Mwaka 1991 David Butler, wa Adelaide pia, aliliweka katika kitabu kizima, na wazo likasambaa.

Jaribio lenyewe ndilo hili. Unakaa ukingoni mwa meza, mikono nyuma. Unalegeza mgongo ujikunje, unainamisha kichwa kidevu kikaribie kifua. Unanyoosha goti taratibu, halafu unavuta vidole vya mguu kuja kwako. Tuseme maumivu yako ya kisigino yamekuja, yale yale unayoyajua. Sasa usiguse mguu. Inua kichwa tu.

Yamepungua? Fikiria kidogo. Hakuna kano inayotoka shingoni mpaka kisigino, na mguu hujausogeza. Kilichobadilika ni mvuto kwenye mfumo wa neva. Kama shingo inabadilisha maumivu ya kisigino, basi neva ina mkono wake humo. Kama kichwa kimeinuka na maumivu yako pale pale, macho yarudi kwenye kano.

Ona uzuri wake. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna foleni ya kipimo. Anachohitaji mtaalamu ni meza na dakika mbili.

Wakati huo, upande wa kano

Madaktari wa wanamichezo walikuwa na historia yao, na kwa muda mrefu hawakuzungumza sana na watu wa neva. Mwaka 1991 Pekka Kannus na László Józsa walichapisha uchunguzi wa kano 891 zilizokatika zenyewe. Karibu zote zilionyesha uchakavu, lakini wengi wa wenye kano hizo hawakuwahi kulalamika maumivu kabla. Uchakavu, basi, si lazima uume. Kinachouma ni nini?

Kisha akaja Håkan Alfredson wa Umeå, Sweden, mpasuaji wa mifupa aliyekuwa mkimbiaji mwenye kisigino kibovu. Mwenyewe amesimulia kwamba aliomba kufanyiwa upasuaji, bosi wake akakataa. Kwa hasira akaamua kuiharibu kabisa kano yake kwa mazoezi mazito ya kushusha kisigino chini ya ngazi, ili wakose namna ya kumkatalia. Kano haikukatika. Maumivu yakaisha. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wanamichezo 15 waliofanya mazoezi hayo mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Wote walirudi kukimbia. Leo mazoezi ya aina hiyo ni msingi wa tiba ya kisigino duniani kote.

Lakini si kila mtu hupona kwa njia hiyo. Na miaka michache baadaye timu ya Alfredson mwenyewe ilipochunguza kano zinazouma, iliona mishipa midogo mipya ya damu imeota ndani yake, na pamoja nayo nyuzi za neva. Safari ya kuitafuta siri ya kano ikawarudisha kwa jirani wa zamani.

Usidhani hili ni suala la Ulaya tu. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alifika Sydney mwaka 2000 akiwa na kano ya Achilles inayomsumbua. Alimshinda Paul Tergat wa Kenya katika mita 10,000 kwa sekunde 0.09, kisha akaenda kufanyiwa upasuaji. Kano yake ilikuwa na daktari na kamera za dunia nzima. Ya mkulima wa Songea haina.

Turudi shambani

Sasa tazama mtu anayelima mahindi kwa jembe la mkono. Mgongo umeinama, magoti yamenyooka au karibu kunyooka, kichwa kinatazama chini, visigino viko ardhini. Linganisha na jaribio la Maitland. Ni mkao unaofanana nao, ila yeye anakaa humo kwa saa nyingi, kisha anapanda kilima kurudi nyumbani. Neva inavutwa kuanzia juu, kano inabebeshwa mzigo kuanzia chini. Mkimbiaji naye akikaa darasani au kwenye bodaboda siku nzima amejikunja, halafu jioni akapanda kilima bila kupasha misuli, anaviweka viwili hivyo pamoja.

Kwa hiyo ufanye nini? Kwanza, usiitupe kano. Kwa watu wengi maumivu ya hapo yanatokana na kano kubebeshwa mzigo kuliko ilivyozoea, na mazoezi ya taratibu ndiyo dawa yake. Lakini kama umefanya mazoezi kwa uaminifu miezi mitatu bila nafuu, kama maumivu yana moto, ganzi au umeme, kama mgongo nao unasumbua, au kama ukikaa umejikunja kisigino kinazidi, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akupime na neva pia. Ikionekana inahusika, tiba yake ni kuitelezesha: goti linanyooka wakati kichwa kinainuka, goti linakunjwa wakati kichwa kinainama, pole pole, bila kung'ang'ania mwisho. Wagonjwa wa Nussbaum walishatufundisha kuhusu kuvuta kwa nguvu. Na kunyoosha ndama ya mguu kwa nguvu kila asubuhi, ushauri ambao kila mtu hutoa, kunaweza kuwa ndiko kunakoendelea kuichokoza.

Kuna mambo ya kuwahi hospitali bila kusubiri: ukisikia mlio "pa!" nyuma ya mguu na ukashindwa kusimama kwa vidole; ukipata ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia mkojo; au kisigino kikianza kuuma ghafla ukiwa kwenye dozi ya siprofloksasini, antibaiotiki inayojulikana kudhuru kano.

Nilikuwa nacheka nikisikia "huo ni mshipa." Siku hizi sicheki. Anayesema hivyo amegusa jambo ambalo vitabu vilikuja kulitenganisha na sasa vinalikutanisha tena. Kilichobaki ni kumwuliza swali la pili, kwa heshima: "Bibi, ni mshipa upi?" Halafu mkalishe ukingoni mwa meza, na mwache ainue kichwa.