Kuhamia vyakula visivyokobolewa: Mlo huanzia kwenye mboga, si kwenye unga

WAKAZI wengi wa mijini wanaoamua kuachana na vyakula vilivyokobolewa na kusindikwa huanza kwa kubadili unga. Sembe huondolewa jikoni na dona huingia, mkate mweupe huachwa, sukari ya chai hupunguzwa. Haipiti muda mrefu baadhi yao huanza kulalamika kwamba tumbo linajaa gesi, mwili unachoka na njaa inarudi kabla ya saa sita mchana.

Mara nyingi kasoro haimo katika dona. Imo katika sahani nzima, ambayo haikubadilika: mlima wa ugali, vijiko viwili vya mchicha na kipande cha nyama.

Punje ya nafaka ina sehemu tatu. Ganda la nje lina nyuzinyuzi na madini, kiini kina mafuta na vitamini, na sehemu kubwa iliyobaki ni wanga pamoja na protini kidogo. Kukoboa huondoa sehemu kubwa ya ganda na kiini. Ndiyo maana dona, ulezi, mtama na mchele usiokobolewa hushibisha kwa muda mrefu zaidi kuliko sembe na wali mweupe.

Hata hivyo, nafaka nzima ni nafaka tu. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, kirutubishi ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage, kunde na choroko vina lisini kwa wingi, na upungufu wa protini yake hufidiwa na nafaka. Makande, ambayo watu wengi huyakumbuka kwa uchovu wa shule za bweni, kwa kweli ni mlo uliopangwa vema kuliko chipsi na soda vinavyoliwa mchana katika ofisi nyingi za mjini.

Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji wa Tanzania Bara uliotolewa mwaka 2023 unagawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi yenye wanga na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vitokanavyo na wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta yenye afya. Anayebadili unga peke yake amegusa kundi moja tu.

Njia nyepesi ni kupanga mlo kinyumenyume. Kwanza huamuliwa mboga ya majani, kisha jamii ya kunde, samaki, mayai au nyama, na mwisho ndipo huulizwa kama kitapikwa ugali, wali au viazi. Mchoro wa sahani uliotolewa na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani mwaka 2011 huipa mboga na matunda nusu ya sahani, nafaka nzima robo na vyakula vya protini robo. Kwa familia inayokula katika sinia moja kipimo cha sahani hakifai sana, na ni afadhali kupima sokoni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu mzima kwa siku, bila kuhesabu viazi wala muhogo. Kwa nyumba yenye watu wazima watano hizo ni kilo mbili kila siku. Mchicha na matembele hunywea sana vikipikwa, na fungu linaloonekana kubwa kapuni huenda likawatosha watu wawili tu.

Yapo mambo mengine ambayo wanaoanza huyasahau. Nafaka nzima na maharage yana asidi ya fitiki, ambayo huyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri mwilini. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza asidi hiyo, na pia hufupisha muda wa kupika, jambo lisilo dogo kwa anayenunua mkaa au gesi. Limau lililokamuliwa juu ya mboga, nyanya mbichi au pera baada ya chakula husaidia chuma kufyonzwa, kwa sababu ya vitamini C. Chai hufanya kinyume, na ni vema inywewe saa moja au zaidi baada ya kula.

Wapo pia wanaoyaogopa mafuta hata wakachemsha mboga kwa maji matupu. Viini vya vitamini A vilivyomo katika mboga za kijani na karoti huhitaji mafuta ili vifyonzwe. Karanga za kusaga, ufuta au tui la nazi kidogo katika mchicha au kisamvu vinatosha kwa kazi hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye gunia. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walifariki dunia, wengi wao katika maeneo ya Ukambani, na mwaka 2016 ugonjwa wa aina hiyo uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sumu hiyo kwa kiasi, na kwa hiyo mlaji wa dona anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mlaji wa sembe. Mahindi yachambuliwe punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu kabla ya kupelekwa mashineni. Unga usagwe kidogo kidogo, kwani mafuta ya kiini huufanya uwe mchungu ukikaa.

Kwa sababu hiyo hiyo unga wa uji uliochanganywa nafaka, karanga na soya kwa pamoja hausifiki kama jina lake la "lishe" linavyodai. Viungo hivyo haviivi kwa muda mmoja, na karanga moja mbovu huharibu mfuko mzima. Uji wa ulezi peke yake, ukiongezewa maziwa wakati wa kuupika, ni salama zaidi.

Si kila kilichopita kiwandani ni cha kutupwa. Chumvi yenye madini joto ibaki jikoni, kwani chumvi ghafi ya baharini, hata ikisifiwa kuwa ya asili, haina madini hayo ya kutosha. Anayeacha unga ulioongezwa virutubishi hupoteza pia asidi ya foliki iliyokuwamo, na inambidi aitafute katika maharage na mboga za majani. Mjamzito asiache vidonge anavyopewa kliniki kwa kudhani kwamba chakula kitaziba pengo. Asiyekula kabisa vyakula vya wanyama anahitaji vitamini B12 kutoka kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezwa virutubishi.

Siku moja ya mlo wa namna hii inaweza kuanza kwa uji wa ulezi na maziwa, yai la kuchemsha na ndizi mbivu. Mchana ukawa wali usiokobolewa kiasi, choroko za kutosha, kachumbari na chungwa. Usiku ugali mdogo wa dona, dagaa, matembele yaliyoungwa kwa karanga na kipande cha papai.

Nyuzinyuzi ziongezwe taratibu. Mlo mmoja wa siku ubadilishwe katika wiki ya kwanza, wa pili wiki inayofuata, na maji ya kunywa yaongezwe, kwani nyuzinyuzi nyingi bila maji huleta choo kigumu.

Anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa kipimo cha zamani kinaweza kushusha sukari kupita kiasi baada ya chakula kubadilika. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani ghafla, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo naye hawezi kufuata sahani hii kama ilivyo: maharage, ndizi na mboga nyingi za majani zina potasiamu ambayo figo zake huenda zikashindwa kuitoa.