Kasumba na Kufuli la Ubongo

Ndugu msomaji, kasumba si jambo geni kwetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliieleza katika Al-Qanun kuwa ni dawa ya kutuliza maumivu, na akatahadharisha kwamba huweza kuua. Wakati ule ilikuwa utomvu wa mmea tu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Sertürner alitoa ndani yake kiini cha nguvu zake, mofini. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikauza heroini, iliyotokana na mofini hiyo, kuwa dawa ya kikohozi! Ndiyo hiyo ambayo mitaani kwetu huitwa unga.

Basi kwa nini utomvu umtawale mtu? Mwaka 1973 wataalamu walionyesha kwamba ubongo una mahali maalumu pa kuipokea mofini, mfano wa kufuli na ufunguo. Mwaka 1975 Hughes na Kosterlitz, huko Aberdeen, wakaugundua ufunguo wa asili: mwili hujitengenezea wenyewe, kwa kiasi kidogo, ili kupunguza maumivu. Unga hulivamia kufuli hilo. Ubongo ukishauzoea, kipimo cha jana hakitoshi leo. Na ukikosekana, huja jasho, kuhara na mifupa kuuma. Hiyo ndiyo arosto, wala mwanao hajifanyi.

Makufuli hayo yapo pia penye kuamrisha pumzi. Aliyeacha mwezi mzima wa Ramadhani, kisha Idi akarudia kipimo chake cha zamani, mwili wake umekwisha kukisahau. Ukimsikia akikoroma wala haamshiki, usiseme amepumzika. Mkimbize hospitali saa ile ile.